Droo ya Gari

Kachak. Sauti iliitangulia picha kwenye skrini ya mahakama, na Odell akaitambua: droo ya gari lake, ikifunguliwa na mwanawe. Kisha zikafuata risasi tatu.

"Nilimwomba hati za gari, akavamia droo. Nikajua ni bastola," polisi aliyefyatua risasi hizo alieleza, ametulia kama anayesimulia foleni ya barabarani.

"Muongo huyo," mke wa Odell alinong'ona. "Hati nilizibana juu, kwenye kizuia jua, ili akisimamishwa na polisi mikono ya mwanangu ionekane."

Odell alivitazama vidole vyake. Jumamosi iliyotangulia risasi hizo, akilisafisha gari lile kwa safari ya kanisani, alizishusha hati akazitia drooni. Hakumwambia mtu.

Akamshika mkewe mkono.

"Mpenzi, nakuahidi, nikiitwa pale mbele nitasema alikuwa akitafuta hati. Na nitasema nani alizitia humo."