Ukumbi wa Kufumia

Mlinzi wa kiwanda cha nguo kilichokufa, Mzee Ngoda, alimfungulia Sikudhani lango. Kiwanda kilikuwa kibomolewe Jumatatu. Sikudhani alipiga picha za mabomba, mapipa ya rangi na popo waliolala darini, hadi filamu ya kamera yake ikabakiza picha moja.

Walipoingia ukumbi wa kufumia, mzee, aliyefanya kazi humo ujana wake wote, aliacha kusema. Alimgeukia, akagusa tumbo, kisha mdomo.

"Nimekula, baba," Sikudhani alijibu.

Mzee aliirudisha mikono mifukoni. "Nisamehe, mwanangu. Mitambo ilikuwa na kelele, humu tulisemeshana kwa mikono. Nani kakufundisha?"

"Mama. Hata nyumbani alituita kula hivyo hivyo."

"Mama yako nani?"

Kila mfumaji alikuwa na ishara yake badala ya jina. Sikudhani alipitisha kidole juu ya nyusi, pale mama yake alipokuwa na kovu.

Mzee aliitoa tena mikono mifukoni. "Yuko wapi siku hizi?"

"Tulimzika mwaka jana."

Mzee alikwenda kusimama kwenye mtambo wake wa zamani, akageukia ule wa jirani, wa dirishani, akapitisha kidole juu ya nyusi. Kisha mikono yake ikaanza kuzungumza, haraka haraka, maneno ambayo Sikudhani hakuwahi kufundishwa.

Aliinua kamera. Picha ilikuwa moja tu, na mikono ya mzee ilikuwa bado haijanyamaza.