Maneno Kumi na Mawili

"Mzee Kubwimana, hadithi alizoandika marehemu mkeo ziko salama kwenye blokcheni, ile hifadhi ya kompyuta isiyofutika. Hakuna mwizi atakayezigusa," alisema binti wa ofisi ya kuhifadhi kazi za waandishi, pale Kacyiru, Kigali. "Ila bila yale maneno yake kumi na mawili ya siri, hata wewe huwezi kuzifungua. Aliyaandika wapi?"

Kubwimana alijua yalipo. Yalikuwa ndani ya daftari la kijani, lile alilolilaza yeye mwenyewe kifuani pa mkewe ndani ya jeneza, akaikunja mikono ile baridi juu yake, kidole kwa kidole.

"Nyie wakubwa mlimfundisha kuficha," alifoka. "Mbona hamkumfundisha kufa?"

Kwenye basi la Kabuga, mama mmoja alimtania: "Mzee, jioni hii unaenda kulima nini?"

"Nashukia makaburini," alijibu, akilibana jembe kati ya magoti.