Sindano

Sauti zilizokuwa zikimtukana Shekue zilinyamaza asubuhi, daktari alipomdunga sindano ya kumtuliza. Alasiri, akiwa amesharudi nyumbani, shingo yake ikaanza kujipinda yenyewe, macho yakapanda juu yakaganda, ulimi ukakakamaa. Lakini akili ilikuwa timamu. Alimsikia mama akilia, akasikia na harufu ya ubani.

"Pepo kapanda," alisema shangazi Riziki. "Ewe mgeni, sema, unataka nini?"

Shekue alitaka kuwaambia ni ile dawa iliyomkaza, wamrudishe hospitali. Alijikamua mpaka jasho likamtoka.

"Sin... sindano!"

"Umesikia, wifi? Anataka sindano. Lete ile yako ya kushonea magodoro."

Macho ya Shekue hayakushuka kutoka darini. Alisikia tu chuma kikichomekwa kwenye makaa ya chetezo.