Mikono Isiyo na Uso

Mikono ilikuwa yake, lakini mkoba haukuwa wake.

Fundi aliirudia ile video kwenye simu mpaka macho yakamuwasha. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vikishona ngozi taratibu, sindano ikizama na kuibuka. Kisha picha ikakatika, akatokea Msemaji, mshirika wake wa zamani, meno yote nje, ameshika mkoba wa plastiki uliopakwa rangi ya ngozi. "Kazi ya mikono yetu!" alitangaza. Chini ya video wateja walikuwa wanagombania kuagiza.

Walianza pamoja. Fundi alishona, Msemaji akapiga picha na kuongea. Fundi hakutaka kuonekana, na Msemaji hakumuuliza mara mbili. Ukurasa ulikua, wafuasi wakajaa. Halafu asubuhi moja Fundi akajaribu kuingia, kumbe neno la siri limebadilishwa. Alipomfuata, Msemaji hata hakuinuka kwenye kiti.

"Nenda kashtaki," alimwambia huku anacheka. "Kasimame mbele ya watu uwaeleze wewe ni nani. Mimi nakusubiri."

Fundi aliondoka, akaenda kufungua tovuti yake mwenyewe.

Sasa mbele yake alikaa dada wa masoko ya mtandaoni, kompyuta mapajani, viatu amevivua kama yuko kwao.

"Nataka afe," Fundi alisema. "Ukurasa wake, namaanisha. Mtu akitafuta mkoba wa ngozi, asimwone kabisa."

"Sasa hivi ukiandika 'mikoba ya ngozi', yeye ndiye wa kwanza. Wewe uko huko chini, hakuna anayefika." Dada aligeuza kompyuta amwoneshe. "Tovuti yako nitaipanga upya. Tutatumia maneno yale yale wanayoandika wateja, tuweke picha zako na maoni ya walionunua. Hiyo niachie mimi. Lakini kumwangusha yule, kaka, kunataka uso."

"Piga video ya mikono tu."

"Mikono keshaiiba. Nani atajua ni yako?"

Fundi aliinuka, akaenda kurudishia dirisha ambalo halikuwa linapitisha hata upepo. "Mimi si mtu wa kamera."

"Basi mwache aendelee kula jasho lako."

Dada hakukusudia kumchoma, lakini alimchoma. Fundi alikiona tena kile kiti, na kile kicheko.

"Lini?" aliuliza.

"Kesho. Na hizo ndevu zipunguze, kaka. Zimekumeza."

Alizinyoa zote. Kwenye kioo cha bafuni alijikuta anatazamana na mtu waliyepotezana zamani. Alitamani kuahirisha. Lakini hasira ilikuwa imeshavaa viatu, ikamtoa nje.

Mbele ya kamera, Fundi aliweka mkoba wa Msemaji mezani, akachukua kisu cha kazi na kuupasua kuanzia mdomoni hadi kitako. Rangi ilibanduka kama ganda la ndizi, ndani yake kitambaa cha godoro. Kisha akachukua wa kwake, akaukunja, akaukanyaga, akaukunjua mzima.

"Mikono mnayoiona kwake ni hii hapa," alisema, akaiinua usawa wa uso. "Na huyu ndiye mwenyewe. Anayetaka kunipata, anajua nilipo." Akataja mtaa, jengo, hata rangi ya mlango.

Video ilishika kama moto kwenye nyasi kavu. Watu waliisambaza, wakaicheka, wakamwekea Msemaji picha za mikoba iliyobanduka chini ya kila alichoposti. Dada naye hakulala kwenye kazi: alibadilisha vichwa vya kurasa za tovuti, akajibu maoni, akaomba kila mteja aliyeridhika aandike neno. Ukurasa wa Msemaji ulishuka, ukashuka tena, mpaka ukawa hauonekani kwa anayetafuta.

Ndipo Msemaji alipopiga simu. Hakuwa anacheka.

"Umeweka sura yako hadharani? Kwa sababu yangu mimi? Una wazimu?"

"Kimekuuma, eh?"

"Nitakurudishia ukurasa, bwana wee! Ifute hiyo video!"

Fundi alicheka hadi akashika mbavu, akamkatia. Alikuwa hajacheka hivyo kwa miaka. Akapiga tena video nyingine, na nyingine, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Aliona raha kumkanyaga mtu aliyekwisha kuanguka.

Maagizo yakafurika, karakana ya Fundi ikawa haina pa kupita. Alasiri moja dada alikuwa anapakia maagizo, anaimba. "Kaka, tumefika! Ukurasa wa kwanza, namba moja, nchi nzima!"

Mlango ukasukumwa. Aliingia mama mmoja mwenye mtandio wa buluu, na msichana aliyevaa sare za shule. Nyuma yao mwanamume mrefu alibaki amesimama mlangoni.

"Karibuni sana!" dada aliwapokea. "Mmetuona mtandaoni?"

"Ndiyo," mama alijibu. "Mwanangu alikuwa ananitafutia mkoba wa zawadi. Nyie mlitokea wa kwanza."

Lakini hakuangalia mkoba hata mmoja. Alipita katikati ya rafu, akamfikia Fundi aliyeganda na sindano mkononi, akamtazama kwa utulivu, kidevu, midomo, macho, kama anayesoma jambo alilokuwa analijua kwa moyo. Msichana alianza kulia.

"Afande," mama alisema bila kugeuka, "huyu ndiye marehemu mume wangu. Sasa atuambie yule tuliyemzika ni nani."