Maji ya Kunawa

Bi Mwanakombo aliishtaki hospitali iliyompasua goti, kwani kidonda kilioza akiwa wodini hata mguu ukakatwa. Adhuhuri moja mganga mkuu akamfuata nyumbani.

“Ifute kesi, mama. Vijidudu viko kila mahali. Utathibitishaje kwamba vilitoka kwetu?”

“Karibu chakula kwanza, daktari.”

Akavuta beseni, akainua birika, akamnawisha mgeni kama ilivyo desturi. Daktari akasugua hata katikati ya vidole.

“Kwangu hagusi mtu tonge kabla ya kunawa,” Bi Mwanakombo alisema taratibu. “Wodini kwako, muuguzi alifunga kidonda cha jirani yangu, akaja kushika changu kwa mikono ileile. Wodi nzima tuliona, na mahakamani tutakuja sote.”

Akamsogezea wali. Mikono ya daktari ilibaki juu ya beseni, ikichuruzika maji.