Ngozi ya Pampu

Siku ile zahanati ilikuwa na wajawazito watatu waliofika kujifungua, na pampu ya mkono iliyoko uani haikutoa hata tone. Muuguzi Mwanahawa alimwita Sikudhani, mwanamke fundi wa visima.

Sikudhani alifungua nati, akavuta fito za chuma moja baada ya nyingine hadi pistoni ikatoka. Ngozi yake inayobana maji ilikuwa imelika yote.

"Fundi, nyingine ipo?"

"Mji mzima haipo. Labda wiki ijayo."

Sikudhani alijitazama miguuni. Viatu vyake vilikuwa vipya, vya ngozi laini. Akavua cha kulia, akakata kipande cha duara kwa kisu, akakilowesha mafuta, akakikaza kwenye pistoni na kurudisha kila kitu kisimani.

"Haya sista, piga."

Mwanahawa alisukuma mpini mara kumi, kumi na tano. Yalitoka maji ya kutu, kisha safi, yakajaza ndoo. Alipoinua kichwa amshukuru, fundi alikwishashika njia, spana begani, akiacha kwenye tope alama za kiatu kimoja na mguu mmoja mtupu.