Darasa Limepata Paa

"Wajinga wakubwa!" Mwenyekiti Nkwabi alicheka mpaka akashika mbavu. "Watu wana reli, wana viwanda, wana vyuo vikuu, halafu njaa ikiwaingia wanasema ni Myahudi wa jirani ndiye kaileta! Na wengine wote wakaamini! Loo!"

Darasa zima la elimu ya watu wazima likaangua kicheko. Wakulima wa pamba, akina mama wenye vichanga mgongoni, wote waliwacheka Wajerumani kama watoto wanaomcheka mlevi aliyeanguka mtaroni. Mwalimu Bernadetta, aliyesimama mbele na chaki mkononi, alifurahi. Miezi michache nyuma watu wa kijiji hicho, mbele kidogo ya Kisesa ukielekea Magu, waliwajua Wayahudi wa Biblia tu, wale waliomsulubisha Yesu, na waliona kwamba lolote lililowapata walistahili.

Sasa hata Nkwabi alikuwa upande wa Wayahudi. Nkwabi huyuhuyu, ambaye kwenye mikutano ya chama husinzia na kuamka kupiga makofi!

Fedha za somo zilitoka kwa Mama Hana na wenzake wa Nairobi, Wayahudi waliokimbilia Kenya wakiwa watoto, wakati ndugu zao waliobaki Ulaya wakiuawa kwa mamilioni. Walilipia vitabu, karabai na mafuta ya taa popote watu walipokubali kufundishwa mauaji yale, ili chuki ile isipate pa kuota tena. Bwana mkubwa wa wilayani aliuliza swali moja tu: hawa si Waisraeli, ambao serikali imevunja nao uhusiano? Alipoambiwa ni watu wa Nairobi akagonga muhuri, wala hakugeuza ukurasa wa pili. Na msomi huyo, ana digrii.

Sharti lilikuwa moja: darasa liwe na paa kabla ya mvua. La sivyo vitabu na karabai vingepelekwa kijiji kingine, na somo lingeishia hapo. Bernadetta, msichana wa Kihaya aliyekuwa akija kwa baiskeli kutoka Kisesa kufundisha nje ya ghala la pamba, angempigia magoti mtu yeyote kwa ajili ya paa hilo.

"Tutafyatua matofali, Mwalimu," Nkwabi aliahidi. "Kujitegemea!"

Matofali yenyewe! Siku ya kwanza walikuja watu wachache, ya pili wakapungua, ya tatu alikuja Bernadetta peke yake na mbuzi wa Katibu wa kijiji. Kila alipouliza, Nkwabi alimjibu kwamba kamati ya kijiji inalishughulikia. Kamati ile, tangu iundwe, haijawahi kushughulikia kitu kisicholiwa.

Kisha Bernadetta akaitwa semina mjini Mwanza. Aliporudi, Nkwabi alimpokea njiani, shati limenyooshwa pasi, meno yote nje.

"Mwalimu, karibu uone. Darasa limepata paa."

Ilikuwa nyumba nzuri ya bati nyuma ya ghala, upande ambao Bernadetta hakuwa na sababu ya kupita. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa juzijuzi, na mabenchi yalikwisha kupangwa ndani. Kwenye kona moja masizi ya jikoni yalionekana bado chini ya chokaa.

"Mwenyewe yuko wapi?" Bernadetta aliuliza.

"Amehama, Mwalimu."

Mwaka ule nani hakuhama? Serikali ilikuwa ikibeba watu kwa malori kuwapeleka kwenye vijiji vipya, na nyumba tupu zilikuwa kila mahali. Bernadetta hakuuliza tena. Tuseme ukweli, hakutaka kuuliza. Mawingu yalikwisha kutanda upande wa ziwa, na Mama Hana alikuwa njiani.

Mama Hana alifika Jumamosi, mwembamba, mvi tupu, na Kiswahili chake cha Nairobi. Vijana wakampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Nkwabi hakumpa hata nafasi ya kunywa maji. Alisimama akalieleza somo zima kwa kichwa, bila kusaidiwa na mtu, mpaka alipofika pale Wayahudi walipotolewa majumbani mwao, majirani wakaingia wakalala vitandani mwao.

"Hapo, mama, naona aibu kwa niaba yao!" alifoka, akajipiga kifuani. "Majirani kabisa! Mtu umemwazima chumvi, ukampa pole ya msiba! Wale si watu, mama, ni fisi!"

Watu wakapiga makofi. Mama Hana alitoa leso akafuta macho. Alisema hajapata kuona darasa la namna hii, na kwamba somo litaendelea hapo miaka yote watakayoitaka. Bernadetta alitaka kuimba.

Mama Hana akasimama, akauweka mkono wake ukutani.

"Na nyumba nzuri namna hii, Mwenyekiti? Tumshukuru nani?"

"Kamati, mama," Nkwabi alijibu kwa furaha. "Ilikuwa ya kikongwe mmoja hapa, mjane, macho mekundu utafikiri pilipili. Mchawi! Ng'ombe walikuwa wanakufa ovyo, mvua imegoma, kumbe ni yeye. Tukamfukuza, yeye na wajukuu zake. Hata sufuria hatukumwachia."

Mama Hana aliuondoa mkono ukutani. Nkwabi alimtazama uso, akaona kwamba mama hakumwelewa vizuri, akatabasamu ili amtoe wasiwasi.

"Aa, usitufananishe na wale Wajerumani, mama," alisema. "Sisi hatukukurupuka. Mganga alipasua kuku kwanza, akasoma utumbo mbele ya kijiji kizima."